Njia Zipo Tayari, Tunaomba Mzitambue

Kwa Waheshimiwa Magavana wa Kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi. Kwa Shirika la Wanyamapori, KWS. Shirika la Misitu, KFS. Makavazi ya Kitaifa, yaani Makumbusho. Na Mamlaka ya Barabara za Mashambani, KeRRA. Nakala, kwa heshima zote, kwa wazee wa kaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda.

Assalam aleikum, na hamjambo nyote.

Barua nyingi zinazowafikia kuhusu barabara za udongo huomba lami. Hii haiombi lami. Inahusu njia za vumbi na changarawe zinazotoka pembezoni mwa Mombasa zikapanda vilima vya Shimba upande wa kusini na vilima vya Rabai upande wa kaskazini-magharibi, zikapita kando ya misitu, katikati ya minazi na mikorosho, kwenye vijiji ambavyo mtalii wa ufuoni havijui hata kwa jina. Sisi tunaziendesha kwa baiskeli. Tunataka zitambuliwe rasmi kuwa njia za baiskeli, ziwekewe vibao, na mtu anayetaka kuzipita ajue aombe ruhusa wapi na asikanyage wapi. Hatuombi mti hata mmoja ukatwe, wala njia mpya hata hatua moja.

Anayeishi Mombasa anajua kwa nini tunatoka nje ya mji. Kisiwa ni kidogo, na barabara zake zimejaa malori ya makasha yanayotoka bandarini, matatu, tuktuk na bodaboda. Kati ya Changamwe na Miritini mwenye baiskeli hubanwa baina ya tairi za trela na ukingo wa lami uliomeguka, na akiteleza hana pa kuangukia. Ndiyo maana watu walianza kuyatafuta mavumbi. Huko nje linaweza kupita lori moja kwa muda mrefu, na dereva wake akakupungia mkono. Na tangu barabara ya Dongo Kundu ituunganishe na Kwale bila kungojea feri, wanaouliza njia za kule wamezidi.

Wanaotoka ni watu wa kila namna. Wapo makarani wa bandarini, walimu, mafundi wa umeme, wanafunzi wa vyuo, akina dada wenye hijabu chini ya helmeti. Wachache wana baiskeli zenyewe za changarawe, zile zenye usukani uliopinda kama wa baiskeli ya mashindano lakini tairi pana, milimita 40 na zaidi, ambazo hujazwa upepo kidogo ili zimeze mawe badala ya kuruka juu yake. Wengi wetu tuna baiskeli za mtumba tulizozibadilisha kwa fundi, tairi moja leo, giya mwezi ujao pesa zikipatikana. Na tukifika mashambani tunawakuta wenye njia wenyewe, wale waliozipita kwa Black Mamba, zile baiskeli nzito za chuma, tangu kabla hatujazaliwa.

Mmoja wao simsahau. Alikuwa mzee wa Kiduruma, akiteremka mlima upande wa Mwaluganje na magunia mawili ya machungwa yaliyofungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu. Breki zilikuwa zimekwisha zamani. Kandambili lake la kulia alikuwa amelikandamiza juu ya tairi la nyuma, na harufu ya raba iliyoungua ilitufikia kabla yake. Tulimpisha. Akasimama, akashuka, akaizunguka baiskeli yangu, akabonyeza tairi kwa kidole gumba. "Hii mchangani itapita," akasema, "lakini ushike mkono wa kushoto pale kwenye mwembe, kulia pameliwa na mvua." Kulia palikuwa pameliwa kweli, shimo la kumeza gurudumu zima, na ramani ya simu ilikuwa ikituelekeza kulia. Mkikaa kupanga njia hizi, watu kama yeye wawe mezani pamoja nanyi tangu siku ya kwanza.

Nieleze njia zenyewe, kwa kuwa najua baadhi yenu mmezipita kwenye gari lenye vioo vilivyofungwa.

Ya kwanza ni ya Shimba. Ukitoka Likoni hadi Kombani ni barabara kuu, na kutoka Kombani lami hupanda hadi mji wa Kwale. Ni kutoka usawa wa bahari hadi kama mita 400 juu yake, na miguu hulihisi hilo vizuri. Juu kule asubuhi kuna ukungu, na hewa ni nyingine kabisa kuliko ile ya Mwembe Tayari. Ukigeuka unaiona bahari yote. Kuanzia hapo njia za udongo hutawanyika: nyingine huelekea Kinango, nyingine Mwaluganje, nyingine hushuka upande wa kusini kwenye mashamba ya machungwa na korosho. Vilima hivi ni mawe ya mchanga ya kale sana, na jiwe la namna hiyo likimomonyoka huacha mchanga mtupu. Wakati wa kiangazi kwenye miteremko gurudumu la mbele huzama ghafla, na asiyejua hushika breki, na akishika breki ameanguka. Mvua kidogo ikinyesha mchanga hushikana na njia huwa tamu. Upande wa Kinango mambo hugeuka, maana kuna sehemu za mfinyanzi, na mvua ileile hufanya udongo ujazane kwenye magurudumu hadi yagome kuzunguka. Nayaeleza haya kwa sababu kibao kinachoandikwa na mtu asiyeijua njia humdanganya mgeni. Njia ya Februari siyo ya Mei.

Ya pili ni ya Rabai. Unatoka Miritini hadi Mazeras, unaiacha barabara kuu ya Nairobi na ghasia zake, unaingia Rabai ambako Johann Ludwig Krapf alifungua misheni yake mwaka 1846 na ambako leo kuna makumbusho yake. Kutoka hapo mgongo wa vilima huenda kaskazini: Ribe, Kambe, Jibana, Chonyi. Kuna lami, lakini kando yake kuna njia za udongo mwekundu zinazopanda na kushuka bila huruma, na kule Kambe mawe ya chokaa huchomoza ardhini yakiwa na makali ya kupasua tairi. Ni njia fupi kwa kilomita na ndefu kwa jasho. Kwa macho yangu hakuna njia nzuri kuliko hiyo katika Pwani nzima, na nimeipenda tangu siku ya kwanza.

Sasa nije kwenye linalotuogopesha sote, ndovu.

Shimba imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968. Ndipo mahali pekee Kenya palipobaki palahala porini, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma. Kuna maporomoko ya Sheldrick, zaidi ya mita 20 kwenda chini, na kuna chemchemi ya Marere ambayo maji yake yameletwa Mombasa tangu enzi za ukoloni. Msitu ule tunaunywa. Na ni nyumba ya ndovu wengi, katika eneo dogo lililozungukwa na mashamba ya watu. Kuna ua wa umeme, na ndovu wanajua pa kuuvunja.

Wapo wenzetu wanaosema: mbona Hell's Gate kule Naivasha baiskeli huruhusiwa, watu wakapita katikati ya pundamilia na twiga? Ni kweli, na ni jambo zuri. Lakini Hell's Gate ni bonde wazi, unamwona mnyama kutoka mbali, na hakuna makundi ya ndovu. Shimba ni msitu na vichaka na kona. Gari ndovu hulisikia mapema akaamua la kufanya. Baiskeli haina sauti. Inaweza kumtokea mama mwenye ndama hatua chache mbele yake, na hapo hakuna mjadala. Kwa hiyo hatuombi kufunguliwa hifadhi tujiendeshee ndani tupendavyo. Tunaomba mzunguko wa nje ya ua, kwenye barabara za vijijini ambazo wananchi huzitumia kila siku. Ndani ya hifadhi tunaomba tu siku chache zilizopangwa, kikundi kidogo, askari wa wanyamapori akitangulia na gari, kwa ada iliyoandikwa. KWS wakiona hata hilo haliwezekani, tutakubali. Uamuzi huo ni wao, na wao ndio wanaookota maiti mambo yakiharibika.

Hata nje ya ua kuna sheria tungependa ziwekwe. Mtu asipite karibu na mapito ya ndovu kabla jua halijapanda vizuri wala baada ya saa kumi alasiri. Asiende peke yake. Apige kengele kwenye kona. Na pawe na kibao cha kugeuzwa kwenye kijiji cha mwisho kabla ya mapito: ndovu wakitoka, mtu wa zamu anakigeuza, njia imefungwa, hakuna kubembeleza. Kazi ya zamu hiyo wapewe vijana wa kijiji hicho na walipwe. Wanajua ndovu wako wapi kabla ya mtu yeyote, kwa kuwa mahindi yanayoliwa usiku ni ya mama zao.

Na hapa nataka Mwaluganje pakumbukwe. Miaka ya 1990 familia za Kidigo na Kiduruma zilikubali mashamba yao yawe mapito ya ndovu, zikawa na hifadhi ya jamii. Wageni walitarajiwa kuja, na mapato kugawanywa. Wageni wa Diani wapo karibu sana, lakini wengi hawapandi mlima. Hulala ufuoni wakarudi kwao. Kaunti ya Kwale inapozungumza kuhusu utalii wa bara, familia hizi zingekuwa za kwanza kwenye orodha, na mtu mwenye baiskeli ni mgeni anayefaa sana kwao. Hahitaji hoteli kubwa. Anahitaji maji, kivuli, chakula na mtu wa kumwonyesha njia.

Kuhusu kaya nitasema wazi, na najua baadhi ya wenzangu hawatapenda. Kaya si mahali pa baiskeli. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Mijikenda kwenye Urithi wa Dunia, lakini utakatifu wake haukuanza siku hiyo. Njia ya ndani ya kaya inampeleka mtu kwenye makaburi ya wazee na mahali pa maombi, na imewekwa nyembamba kwa makusudi. Kaya Kinondo wametuonyesha namna ya kupokea wageni bila kuvunja heshima: mgeni huongozwa na mwenyeji, hufungwa kaniki kiunoni, hachukui hata kijiti. Vivyo hivyo kwenye mgongo wa Rabai. Baiskeli iachwe nje, mahali penye mlinzi, na anayetaka kuingia aingie kwa miguu wazee wakikubali. Wakisema hapana, ni hapana, na kibao kiseme hivyo kwa Kiswahili na kwa lugha ya wageni.

Hapa ndipo ilipo sababu ya kuandika barua hii sasa na si mwaka kesho. Kila anayeendesha siku hizi ana simu au kifaa kwenye usukani kinachochora mstari wa alikopita. Mstari huo hupandishwa kwenye intaneti, na mgeni wa Nairobi au wa Ujerumani huushusha na kuufuata mita kwa mita. Hajui kwamba aliyeuchora alipotea. Hajui kwamba ile njia nyembamba yenye kivuli kizuri ilikuwa ya kaya. Hajui kwamba pale palipopigwa picha ndovu huvuka kila jioni. Mistari hiyo ipo tayari, hakuna mzee aliyeulizwa, hakuna askari aliyeikagua, na kila mwezi inaongezeka. Kwa hivyo anayedhani kwamba kutotambua njia hizi kunaulinda msitu, namwomba afikiri tena. Njia isiyo rasmi hupita popote. Njia iliyopangwa huweza kuzungushwa, kufungwa, kuhamishwa. Ninyi mkiweka ramani moja inayoaminika, yenye vibao, watu wataifuata hiyo, kwa kuwa mwenye baiskeli naye hataki kupotea wala kufukuzwa.

Kwa sasa anayetaka kufuata sheria hana pa kuishika. Kwenye lango moja la msitu hapa Pwani, ambalo silitaji, askari mpole kabisa alitupokea na kuitazama orodha ya ada juu hadi chini: gari dogo, basi, mtu mzima, mtoto, mwanafunzi. Baiskeli haikuwemo. Akapiga simu. Aliyepigiwa naye akaomba apige simu. Tulikaa chini ya mti jua likapanda, na mwishowe akatuambia, kwa haya, turudi tulikotoka kwa sababu hakuna aliyekubali kusema ndiyo wala la. Simlaumu. Angefanya nini? Siku hiyohiyo kundi jingine lilipita kwa uchochoro wa wakata kuni, halikulipa senti, halikumwambia mtu.

Ukiitazama sheria unaelewa kwa nini hali ni hii. Kwa Katiba ya 2010, barabara za kaunti na utalii wa mahali ni kazi ya kaunti. Hifadhi na wanyama ni wa KWS, chini ya sheria ya 2013. Misitu ya serikali ni ya KFS, na sheria ya 2016 inavipa vyama vya kijamii vya misitu nafasi ya kushiriki kuisimamia. Kaya zilizotangazwa urithi ziko chini ya Makavazi. Barabara nyingine za mashambani ni za KeRRA. Asubuhi moja ya baiskeli, kabla ya chai ya saa nne, inaweza kupita kwenye mamlaka ya ofisi zote hizo, na hakuna hata moja yenye meza ya kupokea swali letu. Hatutaki sheria mpya. Tunataka ofisa mmoja, mwenye jina na namba ya simu, aliyepewa na ofisi hizo zote uwezo wa kujibu.

Msidhani ni jambo lisilowahi kufanyika. Karura, Nairobi, ni msitu wa KFS wa hekta zaidi ya 1,000 ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999 usinyakuliwe. Leo watu huendesha baiskeli humo kwenye njia zilizowekewa alama, hulipa ada ya kuingia, na msitu umeimarika. Rwanda wana njia ya Congo Nile, kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi, na sehemu kubwa ni barabara za udongo za wanavijiji zilizowekewa vibao. Kule Kansas, Marekani, mji mdogo wa Emporia ulikuwa na barabara za changarawe za wafugaji kwenye vilima vya Flint Hills. Mwaka 2006 watu wachache walianzisha mashindano ya maili 200 kwenye barabara hizo. Sasa kila mwaka maelfu huja na mji mzima huwapokea. Changarawe ni ileile, na wafugaji bado wanaitumia.

Hapa kwetu mashindano ya Migration Gravel Race yalianza 2021 huko Maasai Mara, na vijana wa Afrika Mashariki wakapata nafasi ya kupimana nguvu na wageni wakubwa kwenye vumbi la nyumbani. Kiongozi wa vijana hao, marehemu Suleiman Kangangi, alifariki Agosti 2022 akishindana kwenye changarawe za Vermont, Marekani. Mola amrehemu. Alitaka mtoto wa Kenya asilazimike kwenda mbali ili ajulikane. Mwaka huohuo shirika la baiskeli la dunia lilifanya mashindano yake ya kwanza ya ubingwa wa changarawe, na 2025 Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa barabarani, wa kwanza kabisa kwenye ardhi ya Afrika. Watoto wa Kinango na Kaloleni, wanaopanda milima hiyo na mitungi ya maji nyuma ya baiskeli, wana mapafu na miguu ya kazi hii. Wanachokosa ni baiskeli, kocha na njia inayojulikana.

Lakini mashindano siyo hoja yangu kubwa. Yanaweza kuja au yasije. Hoja yangu ni Jumamosi ya kawaida.

Miiba ya migunga ya upande wa Kinango haichagui tairi. Mwenzetu alipata pancha karibu na kijiji kimoja, akaishiwa viraka, na kijana wa rika la shule ya upili akatuita kwao. Alileta karai la maji, akaizamisha tyubu kidogo kidogo akiizungusha, hadi viputo vikatoka mahali ambapo sisi tungepatafuta mpaka usiku. Akapasugua kwa kipande cha bati alichokitoboa msumari, akakata kiraka kutoka tyubu nyingine, akapaka gundi, akapuliza, akangoja bila haraka. Wakati huo mama yake alikuwa ametuwekea mbaazi na mahamri, na jirani akaangusha madafu. Tulilipa kila kitu, na kijana akalipwa zaidi ya alivyotaja. Gari la watalii lisingesimama pale. Lisingekuwa na sababu. Mwenye baiskeli lazima asimame: ana kiu, ana njaa, tairi limetoboka, mlima umemshinda. Pesa yake huingia mkononi mwa mtu yuleyule aliyemhudumia, bila kupitia kwa wakala wa mjini.

Pwani imeshaonyesha kwamba msitu uliosimama unaweza kumlisha jirani yake. Mradi wa Kipepeo kule Gede, tangu 1993, huwapa majirani wa Arabuko-Sokoke kipato kwa kufuga vipepeo. Mikoko Pamoja ya Gazi, hapo hapo Kwale, inauza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko tangu 2013 na pesa zimeingia kwenye maji na shule. Njia za baiskeli ni ndogo kuliko hiyo miradi, tena hazitaki mtaji wa kutisha. Kijana mwenye karai, gundi na pampu nzuri, akiwa na kibao kinachosema fundi yuko hapa, ameshaanza biashara.

Kuna swali gumu nisilotaka kulikwepa. Je, tunataka vijiji vibaki na vumbi ili sisi wa mjini tufurahie wikendi? La hasha. Mama mwenye uchungu wa uzazi kule ndani ya Kwale anaitaka lami kuliko kitu chochote, na nikiwa na kura nitampigia yeye. Barabara iliyopangiwa lami iwekwe lami, na ikiwezekana ukingo wake uachwe mpana kidogo ili mwenye Black Mamba asisukumwe mtaroni na matatu. Ombi letu linahusu zile njia ambazo hazimo kwenye orodha yoyote ya lami na hazitakuwamo karibuni. Greda likija mara moja likapita na kuondoka bila kuchimba mitaro, mvua ya kwanza hufanya katikati ya barabara kuwa mto. Yafuatayo ni vijituta vya kukatisha barabara vinavyomtikisa mtu hadi meno, kisha mashimo, kisha bodaboda wanachonga njia ya pembeni ndani ya shamba la mtu. Mitaro na kalvati chache zilizozibuliwa kabla ya mvua huwafaa wote: mwenye machungwa, mtoto wa shule, ambulansi, na sisi tukiwa wa mwisho.

Basi haya ndiyo tunayoyaomba. Kaunti tatu zimteue ofisa huyo wa pamoja, na KWS, KFS, Makavazi na KeRRA kila moja imwekee mtu wa kumpigia simu. Mwitishe vikao vya wadi kwenye vijiji vyenyewe, kwa lugha ya pale, kabla mstari wowote haujachorwa, na wazee wa kaya wawe na kauli ya mwisho kwa yanayowahusu. Mwanze na mizunguko miwili tu, mmoja wa Shimba kwa nje ya ua na mmoja wa Rabai hadi Jibana. Ada iwepo, iwe ndogo, iandikwe baiskeli kwa jina lake, na sehemu yake ibaki kijijini kwa utaratibu ambao mtu yeyote anaweza kuusoma ukutani. Vibao vitengenezwe na mafundi wa huko huko. Baada ya mwaka mmoja mkae na wanavijiji mwaulize kama wanataka iendelee. Wakikataa, vibao viondolewe.

Upande wetu, tuko tayari kujitolea. Tumechora ramani ya njia tunazozijua, tukaweka alama nyekundu mahali ambapo tunaamini baiskeli haifai kupita: kaya, mapito ya ndovu, vyanzo vya maji, na mashamba ambayo wenyewe walitukataza. Ramani hiyo hatujaipandisha popote kwenye intaneti, na hatutaipandisha. Tutaikabidhi mkononi kwa ofisi itakayotuita kwanza. Tutaongozana na maofisa wenu njia nzima, nao wakija kwa gari, kwa pikipiki au kwa baiskeli. Baiskeli za kuwaazima zipo, na mafundi pia. Tungependa iwe kabla ya masika kuanza mwezi Machi, wakati mitaro inaonekana na mchanga uko vile ulivyo hasa, ili muione njia katika ugumu wake.

Kama kuna ofisi nyingine tuliyostahili kuiandikia, tafadhali ifikishieni barua hii na mtuambie jina lake.

Wenu kwa heshima,

Mwendesha baiskeli wa Changamwe, Mombasa, kwa niaba ya wenzangu tunaotoka pamoja asubuhi za Jumamosi